Mshindi Asiyetoa Rambirambi

Kidato cha pili B walipomaliza mchezo wa bajeti, aliyebaki na fedha nyingi kuliko wote alikuwa kijana mmoja mpole wa dawati la mbele ambaye katika mchezo mzima hakuchangia msiba hata mmoja. Kadi ya msiba ilimwangukia zaidi ya mara moja. Kila mara aliisoma, akaikunja, akairudisha kwenye kopo. Kijitabu cha mwongozo kilichokuja na mchezo huo kilimruhusu, maana michango ya kijamii ilikuwa imepangwa katika safu ya matumizi yasiyo ya lazima, pamoja na soda, vocha na kusuka nywele. Kwa hesabu ya kijitabu, kijana yule alikuwa mshindi halali, nami nilitakiwa niwaongoze wenzake kumpigia makofi.

Makofi hayakupigwa. Msichana mmoja akasema kutoka nyuma, "Madam, huyu akifiwa nani atakwenda kwake?" Wakacheka wote, mshindi mwenyewe naye akacheka, kengele ya mapumziko ikalia wakatoka mbio. Mimi nikabaki na swali ambalo halimo katika muhtasari wa somo: je, mtoto anaweza kufundishwa kutunza fedha bila kufundishwa pia, kimyakimya, nani ni mtu wake na nani si wake? Jibu langu ni kwamba haiwezekani. Kila jedwali la mapato na matumizi limeshaamua jambo hilo kabla tarakimu ya kwanza haijaandikwa. Mwalimu wa fedha anafundisha maadili, apende asipende.

Nafundisha Tanga mjini, katika shule ya kutwa ya serikali. Watoto wetu wanatoka Ngamiani, Makorora, Mabawa na Mwanzange. Darasani mwangu wamo wanaofunga Ramadhani na wanaofunga Kwaresima, na asubuhi wamekula maandazi yaleyale ya mama mmoja. Mchezo wenyewe ni rahisi. Kila mwanafunzi anapewa mshahara wa shilingi 300,000 za karatasi, na kila kipindi kinahesabiwa kuwa mwezi mmoja. Analipa kodi ya chumba, chakula, nauli, maji na luku. Halafu anatia mkono katika kopo la maziwa ya unga na kuvuta kadi: umeugua malaria, pikipiki imekukwangua, mdogo wako anaomba hela ya daftari, jirani amefiwa, umepata kibarua cha siku mbili. Mwishoni kila mtu anafunga hesabu.

Noti tulizichapa nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani. Haukupita muda zikaanza kuonekana noti ambazo sikuzichapa mimi. Kila mtu akawa tajiri, waliokuwa wakiuza chakula ndani ya mchezo wakapandisha bei, na mfumuko wa bei, mada niliyokuwa nimeiweka akiba kwa muhula wa pili, ukaeleweka bila chaki. Ilibidi nianze kutia saini kila noti kwa wino wa kijani. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kwamba dinari na dirhamu hazitakiwi kwa ajili yake zenyewe, na akazifananisha na kioo, ambacho hakina rangi yake lakini huonyesha rangi ya kila kilicho mbele yake. Nilimkumbuka mara nyingi katika mchezo huu. Karatasi za mtihani wa jiografia zilizokatwa kwa mkasi zilitosha kutuonyesha rangi zetu.

Mwenzangu wa hisabati, mtu mwepesi wa akili na mwepesi zaidi wa ulimi, alipata suluhisho la haraka. "Mwalimu, unahangaika bure," akaniambia ofisini. "Rambirambi ni bima. Unatoa elfu mbili leo kwa jirani, kesho ukifiwa wanakurudishia. Andika hivyo kwenye kanuni za mchezo." Tukaandika. Asiyechangia, akivuta kadi inayosema amefiwa yeye mwenyewe, analipa gharama zote peke yake. Kweli, michango ikaanza kutoka. Hata yule mshindi wa kwanza akawa mtoaji hodari.

Lakini angalia walivyotoa. Kabla ya kuchangia walianza kuulizana, "Huyu aliyefiwa ana uwezo wa kurudisha?" Kadi iliyosema mwenye duka la vipuri amefiwa na baba yake ilichangiwa na karibu darasa zima. Kadi iliyosema bibi muuza maandazi, asiye na mtoto, amefiwa na mume wake, ikazunguka meza baada ya meza na kurudi na shilingi 3,000. Hakuna aliyevunja kanuni. Walikuwa wanaifuata barabara, kama wanunuzi wa bima wenye busara, na busara hiyo ikamwacha bibi wa maandazi na maiti yake. Wala usidhani haya ni ya darasani tu. Msomaji amekwenda misiba ya kutosha kujua ni ipi inayokosa mahali pa kuegesha magari na ni ipi inayokosa wachimba kaburi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaotetea mila zetu kwa lugha ya faida. Wanasema ukarimu wa Kiafrika ni akiba ya aina yake, mtandao wa usalama, mtaji wa ujirani. Sikatai kwamba mara nyingi huleta matokeo hayo. Ila ukishamfundisha mtoto kwamba anatoa ili arudishiwe, umempa pia sababu ya kumnyima asiye na cha kurudisha, na huyo ndiye aliyekuwa na haja kuliko wote.

Nikawaalika wenzangu wawili wa kipindi cha dini, Ustadh na Katekista, waje siku moja waketi na wanafunzi katika somo la hesabu. Siku za kipindi cha dini kila mmoja huwa na chumba chake na watoto wake, kwa hiyo hata kuwaona wameketi benchi moja kulikuwa burudani. Niliwaomba jambo moja tu: wasihubiri, waoneshe hesabu.

Hesabu zao zilitofautiana kuliko nilivyotarajia. Katekista alianza na fungu la kumi. Linatoka juu ya mapato, kabla ya kodi, kabla ya chakula. Mshahara wa 300,000 unaingia, 30,000 zinatoka, na maisha yanapangwa kwa 270,000 zilizobaki. Ustadh akasema kwake mambo yako kinyume. Mshahara wenyewe haudaiwi kitu siku ya kuingia. Kula, valisha watoto, lipa madeni. Kinachobaki kikifikia kiwango cha nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, na kikakaa mwaka mzima wa mwezi mwandamo, ndipo kinatolewa asilimia 2.5. Wanafunzi wakakaa kimya kidogo wakipiga hesabu, kisha kijana mmoja akainua mkono: "Kwa hiyo kwa Ustadh, fedha inayotembea haidaiwi, inayolala ndiyo inayodaiwa?" Ustadh akatabasamu kama mtu aliyeuza duka zima kwa siku moja. Karibu hivyo, akasema. Ukiificha chini ya godoro, kila mwaka itapungua. Ukiiingiza kwenye kazi, ina nafasi ya kukua kuliko inavyopungua.

Nimesoma vitabu kadhaa vya elimu ya fedha vya ng'ambo, na sikuona hata kimoja ambamo tofauti hii inafundishwa. Mmoja anakadiria sadaka kwa kinachoingia, mwingine kwa kinachotulia. Wa kwanza anamfundisha maskini kwamba naye ni mtoaji, hata akiwa na shilingi mia moja. Wa pili anamwondolea maskini mzigo na kumwekea tajiri saa ya kengele. Sikuwaambia wanafunzi ipi ni bora, na hapa pia sitasema.

Jambo ambalo wote wawili walikubaliana, bila kupanga, ndilo lililobadilisha mchezo wetu. Ustadh alisema anayepokea zaka hapokei hisani, anachukua chake. Katika mali ya mwenye nacho imo haki ya mwombaji na aliyenyimwa, na miongoni mwa makundi manane yanayostahiki zaka limo la wenye madeni yaliyowaelemea. Katekista akamtaja Yohane Krisostomo, askofu wa Konstantinopoli aliyeishi karne ya nne na mwanzo wa ya tano, ambaye alihubiri waziwazi kwamba kutomgawia maskini ni kumwibia. Mimi ni mtu wa vitabu vya hesabu, na katika vitabu vya hesabu maneno hayo yana mahali pake. Kama ni haki ya mwingine, basi haikai kwenye safu ya matumizi. Inakaa kwenye safu ya madeni. Tarakimu haibadiliki, elfu mbili ni elfu mbili. Ila mtu akikwepa matumizi anasifiwa kuwa mwangalifu, na akikwepa deni anaitwa tapeli.

Tukahamisha. Msiba wa jirani, fungu la kumi, zaka ya aliyefikia nisabu, hela ya daftari ya mdogo wako: zote zikaenda safu ya madeni. Siku hiyo yule kijana wa dawati la mbele, akifunga upya hesabu yake ya mchezo wa kwanza kwa mpango mpya, aligundua kwamba hakuwa mshindi kamwe. Alikuwa amejilimbikizia fedha za watu.

Najua pingamizi, na ni zito. Yule msichana aliyeuliza nani atakwenda kwa asiyechangia alikuja kwangu baada ya kipindi. Yeye ni mtoto wa kwanza. Anauza barafu jioni, na kila shilingi anayopata ina mtu aliyeshaisubiri: mdogo wake, mjomba, shangazi aliye hospitali, mama mdogo mwenye shida zisizokwisha. "Madam, mimi kwenye safu ya madeni sitamaliza hata nikifa." Maneno yale yalinizindua zaidi ya vitabu. Darasa moja lina watoto wanaohitaji kufundishwa kufumbua mkono na watoto wanaohitaji kufundishwa kuufumba, na wanaketi dawati moja. Sote tunamjua kijana aliyeajiriwa, akapangiwa kituo mbali, na kabla ya mshahara wa kwanza kuingia ukoo mzima ukawa umeshaugawa kwa simu.

Jibu nililompa, baada ya kuzungumza tena na Ustadh, ni kwamba haki ina kipimo. Asilimia 2.5 ni asilimia 2.5, haiwi 25 kwa sababu mjomba amekasirika. Fungu la kumi halina fungu la kumi na moja. Kipimo kinamlinda anayepokea asidhulumiwe, na kinamlinda pia anayetoa asiliwe hadi mfupa. Zaidi ya hapo kuna hisani, na hisani ina mlango wa kusema hapana. Qurani yenyewe inakataza mambo mawili kwa pamoja, kuufunga mkono shingoni na kuukunjua wote mpaka mtu akabaki analaumiwa na hana kitu. Niliona amepata pumzi kidogo. Akachora mstari chini ya jina la mjomba.

Sasa riba. Hakuna mada inayonigawia darasa haraka kama hii. Kijitabu kinataka achaguliwe mwanafunzi wa kuwa benki, akopeshe wenzake kwa asilimia 10. Niliyemchagua alikataa katakata. "Mama hatanielewa," alisema. Wakristo wakamcheka, na mmoja wao akaleta mfano wa talanta katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, pale bwana anapomkaripia mtumwa aliyefukia fedha ardhini: angalau angewapa watoa riba, bwana akapata chake na faida. Hoja nzuri. Lakini sura tano nyuma yake, katika Injili hiyohiyo, yupo mwenye shamba la mizabibu anayewalipa walioanza kazi alfajiri na walioanza jioni ujira mmoja uleule wa siku. Niliwaambia wauandike mfano ule kama orodha ya malipo ya kiwanda. Wakakasirika. Ikawa zamu ya Waislamu kucheka.

Nikawafungulia pia Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, inayomkataza Mwisraeli kumtoza ndugu yake riba na kumruhusu kumtoza mgeni. Tukasahau asilimia kabisa, tukabaki tunabishana ndugu ni nani. Jirani wa dini nyingine? Mtu wa kabila lingine? "Mkopo wa kwenye simu," mmoja akauliza, "kampuni ni ndugu au mgeni?" Akajibiwa, "Mgeni, hata jina langu haijui." Mwingine akadakia, "Inalijua sana, ndiyo maana kila ukichelewa inakutumia meseji." Aristotle alisema kati ya njia zote za kujipatia mali, riba ndiyo iliyo kinyume zaidi na maumbile, kwa kuwa fedha iliwekwa kwa ajili ya kubadilishana, haikuwekwa izae. Nimemsoma, nikamweleza darasani, hakuna aliyemjali. La ndugu na mgeni ndilo waliloondoka nalo hadi kituo cha daladala.

Kwa kuwa maneno yalikuwa mengi, tukaingia kazini kwa fedha ya kweli. Makundi mawili, kila moja shilingi 10,000 kutoka mfukoni kwangu, kuuza barafu za ukwaju wakati wa mapumziko. Kundi la kwanza lilichukua mkopo: mwisho wa wiki linirudishie 11,000, liuze lisiuze. Kundi la pili lilichukua ubia kwa utaratibu wa mudharaba: faida tugawane nusu kwa nusu, na mtaji ukipotea bila uzembe wao, hasara ni yangu, wao wamepoteza jasho lao. Siku ya tatu umeme ukakatika tangu alfajiri hadi alasiri. Barafu zikawa maji ya ukwaju.

Kundi la mkopo lilinijia na nyuso ndefu. Deni lilikuwa palepale. Mmoja wao alishaazima kwa dada yake ili asikutwe na aibu, na hilo lilinifundisha mwendo wa deni vizuri kuliko kitabu chochote: halikai kwa aliyekopa, linahamia kwa anayempenda. Kundi la ubia lilikuja limetulia, na mimi ndiye niliyeshika kichwa. Nilijikuta nauliza maswali ambayo sikuwahi kuwauliza wale wa kwanza. Mliziweka kwenye jokofu la nani? Mlikuwa na mpango gani umeme ukikatika? Mwenye mtaji anayeshiriki hasara anakuwa mdadisi, hana budi. Mkopeshaji wa riba anaweza kulala, mradi anajua nyumba ya mdaiwa iko wapi.

Ningependa kusema ubia ulishinda, lakini daftari lao lilikuwa aibu tupu. Kwa kuwa hasara haikuwa yao, walikuwa wameacha kuandika mauzo tangu siku ya pili, na barafu kadhaa ziliishia vinywani mwa marafiki. Kundi la mkopo, kwa hofu, lilikuwa limeandika hadi shilingi hamsini ya mwisho. Ustadh hakushangaa. Alituambia aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya sura ya Al-Baqara, haizungumzii swala wala saumu, bali kuandika madeni: awepo mwandishi mwadilifu, wawepo mashahidi, msichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Wanafunzi wangu wa Kiislamu, ambao mwaka mzima waliniona mimi na madaftari yangu kama adhabu, waliniangalia upya.

Kisha tukafika mahali ambapo mchezo unaacha kuwa mchezo. Niliwaambia kila mmoja alete mfano wa mkopo anaoujua. Mwanafunzi mmoja alileta karatasi, akasema ni ya jirani. Sikuuliza jirani gani. Mkopo wa shilingi 200,000, fomu 10,000 inakatwa hapohapo, kwa hiyo mkononi zinaingia 190,000. Marejesho ni 9,000 kila siku kwa siku 30. Jumla 270,000. Mtaani mikopo hii inaitwa kausha damu, na jina halihitaji kamusi. Riba ya juu ya karatasi ni asilimia 35 kwa mwezi. Ukihesabu alichopokea kweli, ni zaidi ya 42. Na kwa kuwa marejesho yanaanza kesho yake, kwa wastani mkopaji amekaa na takribani nusu tu ya fedha hiyo. Nchi hii ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na Benki Kuu iliweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili. Mara kumi, basi.

Wanafunzi walikokotoa yote hayo bila msaada wangu. Halafu nikawauliza kwa nini yule jirani alikubali. Kimya. Mwenye karatasi akasema polepole kwamba mtoto alikuwa amelazwa, na jirani alijua hesabu hiyo kabla hajatia dole gumba.

Kwa hiyo siwezi kukubali, hata kwa heshima, kauli tunayoisikia katika kila semina: kwamba maskini wanahitaji elimu ya fedha. Wanahitaji, kama anavyohitaji kila mtu, na matajiri zaidi, maana makosa yao ni makubwa. Lakini elimu hiyo ikitolewa peke yake inamgeuza maskini kuwa mzembe wa hesabu. Inamwambia mama aliyechagua kati ya marejesho na jeneza kwamba tatizo lake lilikuwa kutokuwa na bajeti. Mtoto wake, aliyeketi darasani kwangu, anarudi nyumbani akimtazama mama kwa jicho la mkaguzi. Hiyo ni dhuluma, na inafanyika kwa chaki ya serikali. Dini zetu zina adabu ya zamani kuliko hiyo. Aya mbili kabla tu ya zile za kuandika madeni kuna amri kwa anayedai: mdaiwa akiwa katika dhiki, apewe muda mpaka apate nafasi, na kumsamehe ni bora zaidi. Kwa maana hiyo somo la mkopo lina wanafunzi wawili, na sisi tumekuwa tukimfundisha mmoja tu, anayekopa. Katika zoezi letu sasa kila kundi linaandika mkataba mara mbili, mara moja kama mkopaji na mara moja kama mkopeshaji. Mwanafunzi aliyeandika kwamba mdaiwa akishindwa tubebe godoro, aliusoma mkataba wake kwa sauti mbele ya darasa, na sauti ilimkauka kabla ya kufika mwisho.

Wala nisieleweke kwamba dini inatosha. Mwaka 2009 serikali iliifunga DECI, taasisi iliyokuwa ikikusanya fedha za watu kwa lugha ya ibadani: unachotoa kinaitwa mbegu, unachoahidiwa kinaitwa mavuno. Viongozi wake walifikishwa mahakamani. Waliopanda walikuwa watu waaminifu, wenye kusali, na lugha ile waliiamini kwa sababu ilikuwa yao. Hapo imani ilihitaji hesabu. Darasani tunafanya hivi: mmoja analeta wawili, wawili wanaleta wanne, na kuendelea kuzidisha. Wanafunzi wanadhani itafika mbali sana kabla ya kukwama. Hatua ya 26 peke yake inahitaji watu 67,108,864. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu nchini watu 61,741,120, pamoja na watoto wachanga. Anayelijua jedwali hilo anaweza kumheshimu mchungaji wake, au shehe wake, na bado akakataa kumpa fedha.

Kuunganisha uchumi na maadili shuleni si jambo jipya kwetu. Baba zetu walilelewa na Azimio la Arusha la 1967, lililosema fedha si msingi wa maendeleo, na mwaka huohuo Mwalimu Nyerere akaandika Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule ziwe na mashamba na karakana ili mtoto ajue kinachomlisha. Nilipokuwa mwanafunzi, shamba la shule lilikuwa limeshageuka kuwa adhabu ya wachelewaji. Hilo lilikuwa balaa lake, na naona dalili zilezile kwa mchezo wa bajeti pale unapotumiwa kujaza kipindi cha mwisho siku ya Ijumaa.

Mtaala ulioanza 2024 umewapa watoto wa kidato cha kwanza masomo mawili ya lazima ambayo yalipaswa kuwa ndugu. Moja ni Elimu ya Biashara, nalo linafundishwa kwa Kiingereza. Jingine ni Historia ya Tanzania na Maadili, nalo linafundishwa kwa Kiswahili. Mtoto anatoka kipindi kimoja alikojifunza faida kwa lugha ya mtihani, anaingia kingine alikojifunza wema kwa lugha ya mama yake, na hakuna mwalimu anayemwuliza kama vitu hivyo viwili vimewahi kukutana.

Nawaomba walimu wenzangu wa masomo hayo mawili waombe kipindi kimoja cha pamoja kwa muhula, wawaite Ustadh na Katekista wao, na waanze na safu ya madeni. Nawaomba wanaoandika vitabu vya kiada waliweke zoezi la marejesho ya kila siku kwa tarakimu za kweli za mtaani, wala wasiogope jina la kausha damu. Na lifundishwe mapema, kidato cha kwanza au cha pili, maana akifikisha miaka 18 mtoto huyu atapata namba ya NIDA na kusajili laini kwa jina lake, na simu itaanza kumpa mikopo bila kumwuliza alisoma nini.